Shackleton, Beira na malori ya babu

Kwenye kipindi cha malori ya Zambia niligusia habari ya ndege kwa dakika mbili tu, nikaahidi kuiandika vizuri huku. Wengi mmenikumbusha, wengine kwa ukali. Basi hii hapa. Ni ndefu kidogo, weka chai kabisa.

Ilikuwa 2018. Baba alikuwa amestaafu majuzi tu, na Mama alikuwa ameshachoka kumwona anazunguka jikoni akikagua masufuria, kwa hiyo Jumamosi moja nikamtoa. Tukaenda jumba la makumbusho ya sayansi pale Manchester. Siku hizo ukumbi wa ndege ulikuwa bado wazi, waliufunga 2021. Ndani yake kulikuwa na ndege moja kubwa, ya kijivu, na kwa kweli haikuwa na sura. Injini nne, kila injini ina propela mbili, moja mbele ya mwenzake, zinazozunguka kinyume. Chini ya kidevu imening'inia kitu kama sufuria la pilau ya harusi. Jina lake Avro Shackleton.

Pembeni alisimama mzee wa Kiingereza, mmoja wa wale wastaafu wanaojitolea kuwaelezea wageni. Akatuuliza tunatoka wapi. Mimi nikasema Stockport, kama ninavyosemaga siku zote kwa makusudi. Baba akasema Tanzania. Mzee akafurahi. Akasema ujana wake aliwahi kuruka na ndege za aina hii huko huko upande wetu, juu ya Bahari ya Hindi, kambi yao ikiwa Majunga, Madagaska. Baba akamuuliza walikuwa wanatafuta nini huko. Mzee akajibu: meli za mafuta. Tulikuwa tunazuia mafuta yasifike Rhodesia.

Baba akacheka, na hakikuwa kicheko cha adabu. Akamwambia, "Wewe ulizuia. Baba yangu alibeba."

Nilidhani nawajua wote wawili, Baba na historia ya Uingereza. Kumbe sijui kitu. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na bado nasoma.

Kwanza tuelewane kuhusu ndege yenyewe, maana bila hiyo mengine hayaeleweki.

Dunia ni mviringo, na rada haipindi kona. Rada iliyo juu ya mlingoti wa meli, tuseme mita 25 kutoka majini, mwisho wake wa kuona usawa wa bahari ni kama kilomita 20. Zaidi ya hapo kila kitu kimejificha nyuma ya mgongo wa dunia. Ipandishe rada hiyo hiyo mita 1,500 angani na upeo unafika kama kilomita 160. Watu wa pwani hawahitaji kuambiwa hili. Mkwezi akiwa juu ya mnazi anaona tanga la jahazi wakati sisi tuliokaa chini kwenye mchanga bado tunabisha kama litakuja leo. Ndege ya doria ya baharini ni mkwezi mwenye injini, basi.

Wamarekani ndio walioweka rada kubwa kwenye ndege kwa kazi hii mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, wakati marubani wa Kijapani walipoanza kujibamiza na ndege zao kwenye manowari. Ndege za Wajapani zilikuja chini chini juu ya maji na meli zilichelewa kuziona. Mradi ukaitwa Cadillac. Sio gari, ni jina la mlima wa jimbo la Maine, ambao kwa miezi kadhaa ya mwaka ndio unaopata jua kwanza Marekani nzima. Aliyechagua jina hilo nampa heshima yake. Rada iliyozaliwa humo, AN/APS-20, ilikuja kufungwa kwenye ndege ndogo ya Kiingereza iliyoitwa Gannet, ya watu watatu, iliyorushwa kutoka kwenye manowari za kubeba ndege. Gannet zilipoanza kustaafu, rada zao zikahamishiwa kwenye Shackleton kumi na mbili zilizokuwa zimeshazeeka. Hilo ndilo sufuria la pilau mlilolisikia hapo juu.

Lakini Shackleton hazikuanza hivyo. Ya kwanza iliruka Machi 1949, mchoro wake ukiwa wa Roy Chadwick wa kampuni ya Avro hapa hapa Manchester, na ukoo wake ni wa Lancaster, ndege iliyobomoa miji ya Ujerumani. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyambizi, za Kirusi hasa. Ilibeba watu kama kumi, ikakaa angani saa kumi na nne, hata zaidi. Ndani kulikuwa na vitanda na jiko dogo la kupashia mchuzi, na kelele ambayo mzee wetu alisema bado anaisikia akilala. Masikio yake yote mawili yana vifaa vya kusaidia kusikia. Anasema wenziwe waliobaki wako vivyo hivyo.

Sasa tuhame kutoka Manchester. Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na serikali yake ya walowezi wachache wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao peke yao, ili Waafrika walio wengi wasije wakatawala. Kisheria nchi ile ilikuwa koloni la Uingereza, kwa hiyo Afrika nzima ikaigeukia London: haya, huyu ni mwanao, mshike. Waziri Mkuu Harold Wilson akasema hatatumia jeshi, atatumia vikwazo vya uchumi. Januari 1966, kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Lagos, aliwaambia viongozi wenzake kwamba jambo hili litakuwa la wiki, sio la miezi.

Mwalimu Nyerere hakusubiri Lagos. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeweka tarehe ya mwisho, na ilipofika 15 Desemba 1965 Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Ilikuwa nchi changa ya miaka minne. Uamuzi ule uliigharimu mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao Uingereza iliusimamisha. Huwa nawakumbusha hili jamaa zangu wanaosema siasa za kanuni ni maneno tu. Ile ilikuwa na bei, na bei ililipwa.

Siku mbili baadaye Uingereza ikapiga marufuku mafuta kwenda Rhodesia. Smith akajibu kwa kuikatia Zambia, ambayo mafuta yake yote yalikuwa yanapitia kwake. Fikiria nchi haina bahari, ina migodi ya shaba inayolisha uchumi wote, halafu asubuhi moja haina petroli. Ndege za Uingereza, Marekani na Kanada zikaanza kurusha mapipa hadi Zambia, lakini ndege nayo inakunywa mafuta ili ibebe mafuta, hesabu haikai sawa. Kilichobaki ni barabara kutoka Dar es Salaam.

Hapo ndipo anapoingia Babu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa dereva, mkazi wa Iringa. Kuanzia mapema 1966 alibeba mapipa ya lita 200 kutoka bandarini Dar: Morogoro, Mikumi, kupanda Kitonga, Iringa, Mbeya, hadi mpakani Tunduma na zaidi ya hapo. Karibu kilomita elfu moja kabla hata hujaiona Zambia, na sehemu kubwa haikuwa na lami. Kiangazi vumbi, masika tope la kufika magotini. Waandishi wa Kizungu waliibatiza Barabara ya Jehanamu. Babu hakuwahi kuiita hivyo. Aliiita "njia" tu, kama kwamba zingine zote duniani hazihesabiki.

Baba alikuwa na miaka saba au minane. Anakumbuka harufu. Babu akirudi nyumbani, nguo zake haziruhusiwi ndani, Bibi anazianika nje kwanza na kufukuza watoto wasikaribie na moto. Anakumbuka pia utingo wa Babu, kijana mcheshi aliyekuwa anawaletea watoto miwa kutoka Morogoro. Siku moja kwenye mteremko wa Kitonga breki zilikufa. Babu aliruka. Utingo alikuwa juu ya mapipa, akishikilia kamba iliyolegea. Nimeshaelewa kwamba hapo simulizi huishia, hata Baba akiwa ndiye anayesimulia. Babu alirudi barabarani baada ya wiki tatu. Aliendelea mpaka bomba la TAZAMA la kutoka Dar hadi Ndola, kilomita 1,710, lilipofunguliwa Septemba 1968.

Huo ndio upande wa wale waliokuwa wanabeba. Tuje upande wa waliokuwa wanazuia.

Rhodesia nayo haikuwa na bahari. Mafuta yake yalishuka Beira, Msumbiji, iliyokuwa koloni la Wareno, yakaingia kwenye bomba la kama kilomita 300 hadi kiwanda cha kusafishia cha Feruka, karibu na Umtali, yaani Mutare ya leo. Bomba lenyewe lilikuwa jipya kabisa, limeanza kazi mwaka ule ule wa 1965. Kwa wapenda historia ya Waswahili: Beira iko kaskazini kidogo tu ya Sofala ya kale. Ile Sofala ambayo dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishukia, ikasafirishwa kwenda Kilwa na kuijenga. Mlima ule na pwani ile vimekuwa vikihitajiana miaka mia nyingi kabla ya Mreno. Bomba lilifuata njia ya zamani, ila bidhaa sasa ilipanda badala ya kushuka.

Mwanzoni mwa Machi 1966 ikasikika kwamba meli za mafuta zinaelekea Beira. Manowari ya kubeba ndege Ark Royal ikatumwa kwenye Mlango wa Msumbiji, baadaye ikapokelewa na Eagle, ambayo ilikaa baharini zaidi ya siku 70 mfululizo. Gannet zilipaa kutoka kwenye sitaha zake na kuupiga rada mlango mzima. Lakini huwezi kuiweka manowari kubwa namna hiyo mahali pamoja milele kulinda bandari moja. Kwa hiyo mwezi huo huo Shackleton zikapelekwa Majunga, kwa ridhaa ya serikali ya Madagaska. Mji wenyewe, ambao leo unaitwa Mahajanga, ulikuwa na Wangazija wengi sana, na nimewahi kujiuliza kama askari wale wa anga walijua kwamba salamu walizosikia sokoni hazikuwa zote za Kimalagasi.

Kazi ilikuwa hivi. Ndege inapaa Majunga, inavuka kuelekea Beira, umbali wa kama kilomita 1,300, inapita juu ya bahari kwa mistari kama mtu anayefyeka shamba. Rada ikiona kitu, ndege inashuka chini kabisa hadi jina la meli linasomeka kwa macho na mpiga picha anapata picha. Jina linalinganishwa na orodha. Kama ni meli ya mafuta na mwelekeo wake una mashaka, redio inaita manowari iliyo karibu. Mzee alituonyesha kwa mikono jinsi walivyokuwa wanapinda bawa ili kusoma maandishi ya nyuma ya meli. Alifurahi kama mtoto. Sikuwa na moyo wa kumchukia.

Kuona kulikwenda vizuri. Shida ilikuwa baada ya kuona. Tarehe 4 Aprili 1966 manowari Plymouth iliisimamisha Joanna V, meli ya mafuta yenye bendera ya Ugiriki. Nahodha akasema anakwenda Beira. Waingereza wakamwambia usiende. Akaenda. Hawakuwa na ruhusa ya kisheria ya kumzuia kwa nguvu kwenye bahari kuu, kwa hiyo meli ya kivita ikabaki kuisindikiza kwa macho hadi ikatia nanga. Aibu ile ndiyo iliyozaa Azimio namba 221 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, tarehe 9 Aprili, lililoipa Uingereza ruhusa ya kutumia nguvu. Kesho yake tu, manowari Berwick ikaizuia meli nyingine, Manuela, na hiyo ikageuzwa. Joanna V yenyewe ilikaa Beira bila kushusha mafuta yake.

Naomba msome vizuri maneno ya azimio lile kama mna muda. Linataja Beira. Sio pwani ya Msumbiji. Beira.

Msumbiji ilikuwa na bandari nyingine kubwa, Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. Kutoka pale reli inakwenda moja kwa moja hadi Rhodesia. Na chini yake kidogo kuna Afrika Kusini ya makaburu, ambayo haikuwa na nia hata kidogo ya kumwekea Smith vikwazo. Mabehewa ya mafuta yalipanda kutoka Lourenço Marques, malori yakavuka daraja la Beitbridge kutoka kusini. Petroli iligawiwa kwa kuponi Rhodesia kwa muda, kisha hali ikatulia. Wiki za Wilson zikawa miezi, miezi ikawa miaka.

Shackleton ziliendelea kuruka. Kila siku bomba la Beira lilikuwa kavu, na kila siku Rhodesia ilikuwa na mafuta.

Tusiwaonee wale askari. Walichoagizwa walikifanya. Bomba halikupata tone, kiwanda cha Feruka kikasimama, na mtu anayesema doria ile ilikuwa maigizo matupu anakosea, maana kupitishia mafuta kwingine kuliiongezea Rhodesia gharama. Nani aliamua mkwezi apande mnazi upi? Hilo ndilo linalonisumbua mimi. Kuifunga Lourenço Marques kungemaanisha kugombana na Ureno, mshirika wa NATO, na nyuma yake Afrika Kusini, ambako biashara ya Uingereza ilikuwa kubwa mno. London ilijua. Haikuhitaji rada kujua, reli iko kwenye ramani ya mtoto wa shule.

Doria ikageuka desturi. Manowari 76 zilipita huko kwa zamu kwa miaka ile. Shackleton zilikuwa zinadondosha barua kwa mabaharia waliochoka kutazama maji. Mabaharia wakaanzisha mashindano ya michezo kati ya meli na meli, kombe likiwa ndoo. Ndoo kweli, ya kuchotea maji, wakaiita Ndoo ya Beira. Ndege ziliondoka Majunga 1972. Meli ziliendelea hadi Msumbiji ilipopata uhuru, 25 Juni 1975. Miaka tisa na zaidi, kwa mlango mmoja.

Halafu kuna sehemu ambayo nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikatoka nje kutembea.

Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Nje, David Owen, alimpa wakili Thomas Bingham kazi ya kuchunguza mafuta yalifikaje Rhodesia. Ripoti ilitoka Septemba 1978. Ilionyesha kwamba kampuni zilizokuwa zinaifikishia Rhodesia mafuta kupitia matawi yao ya kusini mwa Afrika ni pamoja na Shell na BP. Kampuni za Kiingereza! Na mwanahisa mkubwa kuliko wote wa BP alikuwa serikali ya Uingereza yenyewe. Kwanza mafuta yalipitia kwa madalali wa Afrika Kusini. Jambo lilipoanza kunuka, wakabadilishana na Total ya Ufaransa: sisi tunakupa mafuta Afrika Kusini, wewe unaipelekea Rhodesia kiasi hicho hicho, na sisi tunaweza kusema hatujawauzia. Februari 1968 wakubwa wa kampuni waliwaeleza wakubwa wa serikali mpango huo. Doria ya Beira haikusimama hata siku moja kwa sababu ya mazungumzo hayo. Rubani aliamka Majunga saa kumi alfajiri kama kawaida.

Hakuna aliyeshtakiwa.

Aliyejaribu mahakamani alikuwa Lonrho, kampuni yenye bomba la Beira. Iliwashitaki Shell na BP kwamba kwa kuilisha Rhodesia kwa njia za panya waliongeza umri wa utawala wa Smith, na bomba likabaki kavu muda wote huo bila kuingiza senti. Kesi ilifika hadi kwa majaji wa Bunge la Malordi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Lonrho wakashindwa. Najua si vizuri kucheka kwenye kumbukumbu za mahakama, lakini mwenye kudai fidia ya machungu yote yale alikuwa bomba.

Na bado kuna kichekesho kingine. Afrika Kusini nayo ilikuwa na Shackleton. Nane, ilizonunua Uingereza katika miaka ya 1950, zikalinda njia ya meli za Rasi hadi ya mwisho iliposimamishwa 1984. Kwa hiyo katika miaka ile ile, ndege za aina ile ile, zilizotengenezwa mji ule ule ninaoishi mimi, ziliruka upande huu wa Afrika kutafuta meli za mafuta ya Rhodesia, na upande ule kulinda pwani ambayo mafuta ya Rhodesia yalishukia.

Yaliyofuata kwa ndege hizo nitayapitia haraka. Shackleton za rada ya Gannet ziliwekwa Scotland kuangalia ndege za Kirusi, zikapewa majina ya vikaragosi wa vipindi vya watoto vya televisheni, nadhani ili watu wasilie. Zilipaswa kuwa za muda. Mbadala wake, Nimrod yenye rada mpya, ilikula fedha miaka mingi bila rada kufanya kazi inavyotakiwa, ikafutwa Desemba 1986. Mwaka 1982 huko Falklands, Gannet zilikuwa zimeshastaafu pamoja na manowari zilizozibeba, na Shackleton hazikuweza kufika. Meli za Uingereza zikapigana bila mkwezi, na tarehe 4 Mei kombora lililorushwa na ndege iliyokuja chini chini likaipiga Sheffield. Tatizo lile lile la Wajapani, miaka karibu 40 baadaye. Shackleton za mwisho zilistaafu 1991. Rada ya mwaka 1945 ilikuwa bado inafanya kazi.

Kazi yangu mimi, kwa wasiojua, ni data katika bima ya meli. Kutwa naangalia nukta kwenye ramani. Satelaiti zinaona karibu kila kitu, zaidi ya ndoto za mtu yeyote wa Majunga. Nukta ikizimika karibu na bandari fulani kisha ikawaka siku tatu baadaye mahali pengine, naiona, naandika ripoti, ripoti inapanda ghorofani. Nyingine zinarudi na maswali. Nyingine hazirudi. Zamani nilikuwa nadhani zile zisizorudi zimesahaulika.

Babu alifariki 1996. Hakuna aliyewahi kumtajia jina la Bingham. Alichojua ni kwamba Uingereza imemwekea Smith vikwazo vya mafuta na Tanzania inaisaidia Zambia, na kwamba yeye ni sehemu ya jambo hilo. Baba anasema Babu aliweka redio yake karibu na kitanda usiku wa Aprili 1980 Zimbabwe ilipopata uhuru, na asubuhi alivaa suti kwenda kunywa chai tu.

Nilimuuliza Baba juzi kama angependa Babu angejua. Akanyamaza muda, kisha akasema hapana, kwa sababu ya utingo. Angejuaje halafu akalale. Baadaye akabadilisha, akasema ndiyo, alikuwa na haki ya kujua. Tumeliacha hapo, na kila nikimtembelea analirudia kwa upande mwingine.

Ile siku ya makumbusho, kabla hatujaondoka, Baba alimuuliza mzee kama waliwahi kutumwa kuangalia Lourenço Marques. Mzee akatikisa kichwa. Amri zilikuwa Beira, akasema, na kwenye mesi jioni walikuwa wanaulizana swali hilo hilo mpaka likawachosha. Halafu yeye ndiye akauliza: barabara yenyewe ilikuwaje? Baba akamweleza. Vumbi, tope, mapipa, mteremko. Alimweleza na habari ya utingo, ambayo mimi mwenyewe ndiyo nilikuwa naisikia kamili kwa mara ya kwanza, nimesimama chini ya bawa la ndege, kwa Kiingereza.

Mzee akatoa kalamu na kijidaftari mfukoni. Akaomba atajiwe tena jina la ule mlima. Baba akamtajia herufi moja moja, polepole, na kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio yake: K, I, T, O, N, G, A.